Simu ya mezani na modemu ya nyumbani: kichujio, kigawanyi, au tundu la nyuma ya modemu?

Ndani ya boksi la modemu mpya huwa kuna modemu yenyewe, adapta ya umeme, kebo ya mtandao, waya mwembamba wa simu, na mara nyingi kidude cheupe chenye mkia mfupi na matundu mawili, yaani kichujio. Kidude hicho ndicho kinachosahaulika kwenye boksi, maana hakina taa, na intaneti inawaka hata kisipofungwa. Siku chache baadaye simu inalia, intaneti inakatika, na mwenye nyumba anailaumu modemu.

Swali lenyewe ni moja: simu ya mezani iungwe wapi? Kabla ya modemu, yaani kwenye laini inayotoka ukutani, au nyuma ya modemu, kwenye lile tundu lenye picha ya simu? Mengine yote yanafuata jibu hilo: kasi, idadi ya simu unazoweza kuweka, king'ora cha wezi, na kitakachotokea umeme ukikatika. Nimefunga modemu kwenye nyumba nyingi za ndugu na jamaa, na mara nyingi nilipoitwa tena kutatua tatizo, chanzo kilikuwa hapo. Kwa hiyo nalinganisha njia tatu: kichujio kwenye kila simu, kigawanyi kimoja pale laini inapoingilia, na simu inayotoka kwenye modemu yenyewe.

Ijue laini yako kwanza

Chomoa kila kitu. Chukua simu moja yenye waya, ichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, inua mkono wa simu, sikiliza. Ukisikia mlio wa laini, simu yako inatoka kwenye kituo cha simu kupitia waya wa shaba, na kama intaneti yako ni ya ADSL au VDSL (aina mbili za intaneti ya laini ya simu, kwa kifupi DSL) inapita kwenye waya huohuo. Hapo uchaguzi wako ni kati ya kichujio na kigawanyi. Ukikuta kimya, na intaneti ya shaba inafanya kazi vizuri, huenda laini yako ni ya intaneti tupu, na simu, kama ipo, inapita ndani ya intaneti hiyo. Kichujio hakikuhusu. Na kama kinachoingia nyumbani ni uzi wa faiba au kebo nene ya mviringo kama ile ya televisheni, jibu limeshapatikana: simu itakaa nyuma ya modemu.

Usilipuuze jaribio hili kwa sababu ni dogo. Watu hununua vichujio kwa ajili ya laini ya faiba, ambako havina kazi yoyote, kwa kuwa tu waliyemuuliza alikuwa na ADSL.

Kwa nini simu na intaneti hugombana

Laini ya shaba ni nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, na hubeba mambo mawili kwa wakati mmoja. Sauti ya mazungumzo hutumia masafa ya hezi 300 hadi 3,400. ADSL huanzia juu zaidi, karibu kilohezi 25, na kupanda hadi megahezi 1.1. ADSL2+ hufika megahezi 2.2, na VDSL2 hupanda hadi megahezi 17, au hata 30 kwenye laini fupi. Kati ya sauti na data pameachwa nafasi ili visigusane.

Simu ya mezani, hata hivyo, ilibuniwa kabla ya haya yote na haiujui mpaka huo. Ikiwa imetulia ina tabia moja ya kiumeme. Ukiinua mkono wake inakuwa kitu kingine kabisa. Ikilia, kituo hutuma mkondo geu wa takriban volti 90 juu ya zile volti 48 za siku zote. Modemu nayo ikiwashwa huipima laini kwa makini. Huigawa katika vipande vyenye upana wa kilohezi 4.3125, vipande 256 kwa ADSL na 512 kwa ADSL2+, kisha huamua kila kipande kibebe biti ngapi kulingana na kelele iliyoikuta pale. Muda ule taa ya DSL inapopepesa ndio muda wa hesabu hizo.

Sasa simu isiyochujwa ikiinuliwa ghafla, laini iliyopimwa siyo tena laini iliyopo. Makosa yanafurika, modemu inashindwa kusoma, inaachia, inaanza kupima upya. Kwenye simu nako unasikia kelele kama ya mafuta kwenye kikaango.

Kichujio huruhusu masafa ya chini tu yafike kwenye simu, na kwa masafa ya juu huifanya simu kana kwamba haipo. Kigawanyi hufanya kazi hiyohiyo. Kinachotofautiana ni mahali kilipofungwa, na tofauti hiyo ina uzito kuliko watu wanavyodhani.

Kichujio kwenye kila simu

Uzuri wake ni kwamba hakuna bisibisi wala fundi. Unachomeka kichujio ukutani, simu unaiweka kwenye tundu la simu, modemu kwenye tundu la DSL, umemaliza. Ukihama unachomoa na kuondoka navyo. Kwa nyumba yenye simu moja au mbili, na soketi zinazoonekana wazi, siwezi kumshawishi mtu atafute kingine.

Ugumu unaanza kwenye lile neno "kila". Kila kitu kinachoigusa laini lazima kichujwe: simu zote, faksi, mashine ya kupokea ujumbe, dekoda ya televisheni inayopiga simu yenyewe, king'ora cha wezi. Kimoja kikisahaulika, vilivyofungwa vizuri havikusaidii.

Kwa mama mdogo wangu intaneti ilikuwa inakatika kila simu ikilia. Ilikatika mchana, ilikatika usiku, na ikirudi ilichukua dakika nzima. Modemu ilibadilishwa. Mtoa huduma alituma fundi, akaisifu laini, akaondoka. Nilipofika nilikagua simu ya sebuleni, ina kichujio. Ya jikoni, ina kichujio. Nikafuata waya uliokuwa umebandikwa juu ya mbao za ukutani, chumba hadi chumba, ukaingia nyuma ya kabati la chumbani. Tulisogeza kabati sote wawili. Palikuwa na soketi ya tatu, na sakafuni simu nyeusi ya kuzungusha namba, imejaa vumbi, kengele yake imefungwa kitambaa isilie.

"Mama mdogo, hii inatumika?"

"Ya marehemu baba yako mdogo hiyo, mwanangu. Sijaigusa tangu aondoke."

Hakuigusa, lakini laini ilikuwa inaigusa. Kila mara simu ilipoingia, umeme wa mlio ulipita kwenye koili za ile kengele iliyonyamazishwa na kuivuruga laini nzima. Niliichomoa, nikampigia kwa simu yangu ya mkononi mara tano mfululizo, taa ya DSL haikutikisika. Kisha, kwa kuwa niliona anavyoitazama ile simu, nikaifuta, nikaiwekea kichujio chake na kuirudisha. Taa ikabaki imetulia.

Ndiyo maana namwambia mtu yeyote anayechagua vichujio: usihesabu simu, hesabu soketi. Fuata waya mpaka mwisho wake, hata ule uliopakwa rangi pamoja na ukuta.

Kuna mambo mengine mawili yasiyoandikwa kwenye boksi. La kwanza, vichujio vikizidi vitatu au vinne kwenye laini moja vinaanza kuwa mzigo vyenyewe, kwa sababu kila kimoja kinaongeza kidogo mzigo wa umeme, na simu zinaweza kusikika hafifu. La pili, kichujio hakigusi nyaya zilizomo ukutani. Tawi la waya linaloishia kwenye soketi tupu hurudisha mawimbi nyuma kama mwangwi, na mwangwi huo hula kasi yako hata kama hakuna simu yoyote pale. Hapo kichujio hakina dawa.

Na tafadhali usiunganishe kichujio nyuma ya kichujio, wala modemu kwenye tundu la simu la kichujio. Nimeona nyumba iliyokaa siku nzima bila intaneti kwa kosa hilo la pili; masafa ya intaneti yalikuwa yanachujwa yote kabla ya kuifikia modemu.

Kigawanyi kimoja mahali laini inapoingilia

Hapa unachuja mara moja tu, kwenye soketi kuu. Kuanzia hapo njia zinakuwa mbili: moja inakwenda kwenye modemu ikiwa safi, nyingine inalisha simu zote za nyumba zikiwa zimeshachujwa. Soketi ya nyuma ya kabati, lile tawi lisilo na kitu, waya uliochakaa chini ya zulia, vyote vinabaki upande wa sauti na modemu haivioni tena. Kwa laini ya shaba yenye matawi mengi, hii ndiyo njia ninayoipenda, na sioni aibu kuisisitiza.

Faida inaonekana zaidi kwa VDSL kuliko ADSL. Masafa yake ni ya juu, na kadiri masafa yanavyopanda ndivyo matawi ya ndani ya nyumba yanavyoumiza. Kwenye soketi za mtindo wa Uingereza kuna pia waya wa tatu, wa kengele, ambao simu nyingi za leo hazihitaji. Waya huo hupokea kelele kama antena na kuiingiza kwenye laini. Kigawanyi kwenye soketi kuu huutenga na modemu.

King'ora cha wezi ndicho kinachofanya njia hii isiwe na mshindani. Ving'ora vya zamani vinavyopiga simu hufungwa mbele ya simu zote, ili vikilia viinyakue laini hata kama mtu anaongea. Ukikiacha kabla ya kigawanyi, kila jaribio lake la kupiga simu linaikata intaneti, na modemu ikiwa imefungwa baada yake, king'ora kikishika laini modemu inabaki bila chochote. Mpangilio sahihi ni laini, kigawanyi, kisha king'ora kwenye upande wa sauti, kisha simu. Hapa mwite fundi wa king'ora, kisha mjaribu kengele mkiwa wote wawili pale.

Hasara zake ni za kweli. Lazima ufungue soketi, na sehemu nyingi nyaya zinazofika kwenye soketi kuu ni mali ya kampuni ya simu. Haki yako inaanzia upande wa ndani. Lazima pia modemu ikae karibu na hapo. Watu hawalipendi hili la pili, kwa sababu laini mara nyingi inaingilia kwenye kona ya baraza au karibu na mlango, wakati Wi-Fi inatakiwa sebuleni. Wengi hutatua kwa kuvuta waya mrefu bapa wa simu kutoka soketi mpaka sebuleni. Usifanye hivyo. Waya ule bapa haujasokotwa, unapokea kelele njia nzima. Iache modemu karibu na soketi kwa waya mfupi, kisha vuta kebo ya mtandao, ambayo hufika mita 100 bila kupoteza kitu, na weka kifaa cha Wi-Fi mwisho wake.

Simu inayotoka kwenye modemu

Njia hii inaenea hata kwenye nyumba ambazo hazikuiomba, kwa sababu kampuni za simu zinaachana na vituo vya zamani. Uingereza, kwa mfano, imepanga kuuzima mtandao wake wa zamani wa simu ifikapo Januari 2027. Kwa hiyo kabla ya kutoboa ukuta kwa ajili ya kigawanyi, muulize mtoa huduma wako swali moja: laini yangu ya sauti itabaki kwenye shaba kwa muda gani? Akikuambia mwaka mmoja, vichujio viwili vinakutosha kuvuka.

Kinachotokea hapa ni tofauti kabisa. Modemu inageuza sauti kuwa data na kuituma pamoja na data nyingine. Tundu la simu lililo nyuma yake linajifanya kituo kidogo: linatoa mlio wa laini, linatoa umeme, linapiga kengele. Simu yako ya kawaida haijui kwamba mambo yamebadilika. Hakuna kichujio, hakuna mgongano wa masafa, na sauti mara nyingi ni safi kuliko ya shaba ndefu iliyochoka.

Lakini kuna gharama, na kubwa kuliko zote ni umeme. Laini ya shaba ilikuja na umeme wake kutoka kituoni. Nyumba ikiwa gizani, simu yenye waya iliendelea kufanya kazi. Simu ya nyuma ya modemu inazimika pamoja na modemu. Kwa nyumba yenye mgonjwa, mzee anayeishi peke yake, au mahali mtandao wa simu za mkononi unasumbua, hili siyo jambo la kuandika kwa herufi ndogo. Weka betri ya akiba, na hakikisha inalisha kila kifaa kilicho njiani. Wenye faiba husahau kwamba kisanduku cha faiba na ruta mara nyingi ni vitu viwili vyenye adapta mbili. Betri ikilisha ruta peke yake, simu itakaa kimya vilevile. Na simu isiyo na waya ina kitako kinachohitaji umeme wa ukutani pia, kwa hiyo iwepo angalau simu moja yenye waya.

La pili ni upana wa njia ya kupakia. Mazungumzo mamoja kwa mfumo wa G.711, unaobeba sauti bila kuibana, hutumia kilobiti 64 kwa sekunde za sauti, na ukiongeza vifungashio vya mtandao yanafika takriban kilobiti 87 kila upande. Kwa faiba hicho si kitu. Kwa ADSL yenye upakiaji chini ya megabiti moja, mtoto mmoja anayepakia video anaweza kuifanya sauti yako ikatike silabi silabi. Modemu nyingi zina mahali pa kuipa sauti kipaumbele. Pawashe kabla hujaanza kulalamika. Kama unasikia lakini hausikiki, au kinyume chake, angalia kwenye mipangilio ya ruta palipoandikwa SIP ALG, uzime, ujaribu tena. Nimeona tatizo la kusikika upande mmoja likiisha kwa kubofya hapo tu.

Faksi na king'ora ndivyo vinavyoteseka. Faksi inahitaji mfumo unaoitwa T.38, au G.711 bila ubanaji wowote, na hata hivyo kurasa nyingi zinaweza kukwama. King'ora cha zamani kinaweza kupiga simu ila mazungumzo yake ya milio yakafika yameharibika, na kituo cha ulinzi kisielewe. Kijaribu mpaka mwisho, yaani mpaka wao wakuthibitishie kwamba wamepokea ishara.

Kuna pia nguvu ya kengele. Kila simu ina kipimo cha mzigo wa mlio, REN, kilichoandikwa chini yake, mara nyingi 1 au pungufu kwa simu za kisasa. Laini ya zamani ya kituoni hubeba jumla ya 4 au 5 kutegemea nchi. Matundu mengi ya modemu hubeba 3 hadi 5, na mengine pungufu, kwa hiyo soma kijitabu. Simu tatu za kengele halisi zinaweza kulilemea tundu dogo mpaka zote zikakataa kulia. Dawa rahisi ni simu zisizo na waya: kitako kimoja kwenye tundu la modemu, mikono minne vyumbani, na mzigo ni wa kitako kimoja tu. Zile za DECT, mfumo wa kidijitali wa simu zisizo na waya, hutumia masafa ya karibu megahezi 1,900, mbali na Wi-Fi. Zile za zamani za gigahezi 2.4 hugombana na Wi-Fi, ziepuke.

Je, unaweza kulichomeka tundu la modemu kwenye soketi ya ukutani ili simu zote za nyumba zifanye kazi kama zamani? Unaweza, na ni mpango mzuri, kwa sharti moja lisilo na mjadala: nyaya za ndani zitenganishwe kwanza na laini ya nje. Zisipotenganishwa, umeme wa kituo na umeme wa modemu vinakutana kwenye waya mmoja, na kituo kikituma volti 90 za mlio, tundu la modemu linaweza kuungua. Kama huna uhakika zimetenganishwa, chomeka simu ukutani usikilize. Na hata ukisikia kimya, fungua soketi kuu uone kwa macho.

Ukihamia njia hii na unataka kubaki na namba yako, usiifute laini ya zamani mwenyewe. Acha kampuni mpya iiombe namba na kuihamisha. Laini ikifutwa kwanza, namba inaweza kupotea nayo.

Adapta ya pembeni

Kama modemu haina tundu la simu, au mtoa huduma amelifunga kwa matumizi yake tu, kuna kisanduku kidogo kinachounganishwa kwa kebo ya mtandao na kutoa tundu la simu. Kinafanya yaleyale. Uzuri wake ni uhuru: ukibadilisha modemu au mtoa huduma wa intaneti, simu yako inabaki kama ilivyo. Ubaya wake ni kifaa kimoja zaidi cha kulishwa na betri, na mipangilio utakayoijaza mwenyewe. Kwa mtu asiyependa kurasa za mipangilio, tundu la modemu lililokwisha kuandaliwa na mtoa huduma ni bora.

Matundu yanayofanana

Tundu la DSL na tundu la simu nyuma ya modemu hupokea plagi ileile. Waya wa ukutani ukiingia kwenye tundu la simu, unaleta ule mgongano wa umeme niliousema. Plagi hiyo ndogo huingia pia kwenye tundu la LAN, lile la kebo ya mtandao, ingawa ni nyembamba kuliko tundu hilo, na inaweza kupinda pini za pembeni. Weka kipande cha karatasi ya gundi chenye maandishi kwenye kila waya kabla hujausukuma nyuma ya meza. Atakayesafisha baadaye atakushukuru.

Utaratibu wa kufunga, njia yoyote uliyochagua

Anza na modemu peke yake kwenye soketi kuu, hakuna simu hata moja. Ingiza jina na nywila ulizopewa, badilisha nywila ya kuingilia kwenye modemu, weka ulinzi wa Wi-Fi kwenye WPA2 au WPA3. Hayo yanaelezwa vizuri kwenye kila kijitabu. Kisichoelezwa ni kwamba ufungue ukurasa wa hali ya laini na uandike pembeni mambo matatu: kasi ya kushuka na kupanda, ukingo wa kelele kwa dekibeli (nafasi iliyobaki kabla kelele haijaishinda ishara), na idadi ya makosa. Ukingo wa dekibeli 6 ndio wa kawaida. Ukishuka chini sana ya hapo laini inakuwa inaning'inia.

Kisha ongeza simu moja. Inua, piga, pigiwa. Rudi kwenye ukurasa uleule. Namba zikibaki karibu na zile za mwanzo, endelea na ya pili. Zikianguka, unamjua mkosaji, kwa sababu ni yule aliyeingia mwisho. Anayechomeka vyote kwa pamoja halafu akaanza kutafuta tatizo anajitafutia jioni ndefu.

Ningechagua nini

Laini ya shaba, simu moja au mbili, nyumba ya kupanga: vichujio, tena vizuri, si vile vya bei ya kutupa.

Laini ya shaba, soketi nyingi, nyaya za miaka mingi, au king'ora: kigawanyi, bila kusita. Kama huwezi kufika kwenye soketi kuu, mlipe fundi kwa kazi hiyo moja badala ya kununua vichujio sita.

Intaneti ya shaba bila simu: modemu moja kwa moja ukutani, waya mfupi, hakuna kichujio.

Faiba au kebo: simu nyuma ya modemu, pamoja na betri. Nasema "pamoja na" kwa makusudi. Kwa nyumba ya mtu mzima anayeishi peke yake ningenunua betri kabla ya kununua ruta nzuri zaidi.

Mama mdogo naye amehamia faiba sasa. Simu ya sebuleni na ya jikoni ni zisizo na waya, kitako kiko kwenye tundu la modemu, betri iko chini ya meza. Ile nyeusi ya kuzungusha alitaka ibaki. Niliichomeka kwenye tundu la pili nikiwa na wasiwasi, kwa sababu modemu nyingi hazielewi namba za kuzungusha, na kengele nzito kama ile ingeweza kulishinda tundu. Namba kweli haizielewi; ukizungusha, mlio wa laini unaendelea kama hujafanya kitu. Lakini kengele inalia, nasi tukaitoa kile kitambaa. Kupiga anatumia ile ya jikoni. Kupokea, akiwa chumbani, anapokea kwa ile nyeusi.